Mama Naliaka, Mwalimu wa Mlango Mmoja

Marehemu hakupenda kusomea watu waliosimama. Kwa hiyo walio nyuma na wakae, hata kama ni kwenye majani, na wenye simu wazizime. Haya ndiyo maisha ya Mwalimu Leonida Nasike Wangila, ambaye Kamwokya yote kule Kampala, kuanzia wakaanga chapati hadi wanamuziki, ilimwita Mama Naliaka.

Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958 katika kijiji cha Maeni, Kimilili, wilaya ya Bungoma nchini Kenya, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Zakayo Wepukhulu na Mama Rasoa Khakasa, waumini wa Kanisa la Marafiki. Kwa desturi ya Wabukusu, msichana anayezaliwa wakati wa nzige huitwa Nasike. Wazee wa Maeni walikuwa wakisema kwamba nzige wale walimaliza mahindi yote, wakaondoka, wakamwachia yeye meno yao. Aliyewahi kubishana naye hawezi kukataa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965. Alipofika darasa la tano baba yake alimwambia sasa inatosha, mbuzi hawana mchungaji. Nasike hakubisha. Kesho yake aliwachukua mbuzi wote akaenda nao shuleni, akawafunga kwenye ua, akaingia darasani. Mbuzi walikula kabeji za mwalimu mkuu mpaka mizizi. Mwalimu mkuu akapanda hadi nyumbani kwa hasira, fimbo mkononi. Mzee Zakayo akaomba msamaha, akasema mtoto huyu amemshinda. Mwalimu mkuu akamjibu, "Hata mimi amenishinda, mzee. Kwa hesabu anawapita wavulana wote. Hebu tafuta mtu mwingine wa kuchunga." Ndivyo mbuzi walivyomsomesha. Alimaliza darasa la saba mwaka 1971, kidato cha nne mwaka 1975, na mwaka 1978 akatoka Chuo cha Ualimu cha Eregi na cheti chake. Alifundisha Chwele kwa miaka tisa.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na Petro Wangila, fundi wa mashine za kuoka mkate, mtu mpole sana. Mungu ana hesabu zake. Wangekutana wawili wenye midomo, nyumba ingeungua. Walijaliwa kupata Khaemba mwaka 1982 na Nelima mwaka 1985. Nchi ya Uganda ilipoanza kutulia, Wangila alipata kazi kwenye kiwanda cha mkate Kampala, na Februari 1988 Nasike akamfuata: Khaemba mkononi, Nelima mgongoni, cheti cha ualimu kifuani, kimefungwa kwa nailoni kisilowe.

Cheti hakikulowa, lakini hakikufaa pia. Ofisini aliambiwa cheti cha Kenya ni cha Kenya, aende akasome upya. Akamuuliza karani, "Watoto wa Uganda wana vidole kumi au kumi na viwili?"

"Kumi, nnyabo," akajibu, yaani mama kwa Kiganda.

"Basi hesabu yangu itawatosha."

Karani alicheka mpaka akavua miwani. Kazi hakumpa.

Aliyempa kazi ni Bi Hindu, mjane wa Mzee Bashir, wa Old Kampala. Hao ni watu ambao babu zao walikuja na misafara ya pwani zamani wakabaki, nao walikuwa na duka la vitambaa. Bi Hindu alikuwa anatafuta mtu wa kumwangalizia wajukuu. Mazungumzo yao yalikuwa mafupi, na marehemu aliyasimulia kila mwaka siku ya kufungua shule.

"Mwanangu, unajua kupika?"

"Kidogo, Bi."

"Kufundisha je?"

"Sana."

"Basi kupika nitapika mimi."

Wajukuu watatu wakawa wanne, kisha watoto wa jirani wakaja, na baraza ya Bi Hindu ikawa darasa. Watoto walisoma, waliandika kwa chaki sakafuni, na walisalimia kwa Kiswahili. Hapo pakawa na maneno. Wakati ule Kiswahili Kampala kilikuwa na sifa mbaya. Watu walikisikia wakakumbuka bunduki na mlango unaopigwa teke. Mama mmoja Mganda alikuja asubuhi, amefunga busuti, vazi la Kiganda, amefura.

"Mwalimu, wewe unafundisha mtoto yangu lugha ya askari?"

"Namfundisha salamu, nnyabo. Ulishaona askari wa wakati ule anasalimia?"

Yule mama akafikiri. "Hapana, bambi."

"Basi si lugha yao. Waliiba tu, kama walivyoiba redio."

Mama alimwacha mtoto. Mwaka uliofuata akaleta wawili wengine.

Lakini msidhani marehemu hakukosea. Mwaka 1990, mwanamume aliyevaa vizuri alikuja saa ya kutoka akasema, "Nimekuja kumchukua Rafiq, mimi mjomba wake." Rafiq alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa jirani. Mwalimu alimwona mtu ana viatu safi, amelitaja jina sawasawa, akampa mtoto. Baada ya kitambo baba yake Rafiq akaja kumchukua. Jina lile mjomba hewa alikuwa amelisikia barabarani tu, mwalimu alipokuwa akiita darasani. Old Kampala nzima ikamwagika barabarani kutafuta. Rafiq alionekana kabla ya Magharibi kwenye stendi ya taksi, kwenye mapaja ya mama muuza njugu aliyeona mtoto analia na mjomba hambembelezi, akapiga kelele, na mjomba akakimbia. Rafiq huyo sasa ana ndevu, na ndiye aliyeendesha gari lililomleta marehemu hapa leo.

Kuanzia siku ile mwalimu aliweka sheria mbili, na hakuzivunja mpaka anakufa. Ya kwanza: anayekuja kuchukua mtoto ataje jina ambalo mtoto anaitwa nyumbani. Alikuwa anasema jina la shule linasikika barabarani, lakini la nyumbani analijua mwenye mtoto. Ya pili: hakuna mtoto anayeachwa kusubiri peke yake. Mama akichelewa sokoni, baba akichelewa kwenye foleni ya Jinja Road, mwalimu anakaa kwenye ngazi na mtoto, wanakunywa chai, mpaka mwenyewe afike. Wapo hapa leo watu wazima, wana vyeo, waliokunywa chai ile mara nyingi kwa sababu wazazi wao ni wachelewaji. Wazazi wenyewe pia wapo, wanainamisha vichwa. Vizuri.

Kuna afande mmoja alikuja na magwanda na mkanda unang'aa, akakataa kuulizwa.

"Mwalimu, hunioni mimi ni nani?"

"Nakuona, afande. Jina la nyumbani."

Afande akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama mpaka sikioni mwa mwalimu. "Kabalagala," akanong'ona. Yaani mtoto wa afande nyumbani aliitwa jina la kile kiandazi cha ndizi. Darasa zima lilisikia. Afande mwenyewe alicheka mpaka machozi, na baada ya hapo ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kila jioni.

Sasa tufike mahali pagumu, na nawaomba tuwe watulivu kama yeye alivyokuwa.

Tarehe 2 Juni 1989 marehemu alimzaa Naliaka hapa Kampala. Mtoto mchangamfu, aliyekuwa akijipanga mstarini na wakubwa kabla hajajua kusema vizuri. Surua ilimchukua tarehe 18 Novemba 1993, akiwa na miaka minne. Wangila alikwenda posta akapiga simu duka la Kimilili, kaka yake mkubwa Nyongesa akaitwa. Wangila alitaka kumpeleka mtoto nyumbani. Jibu likawa, "Mtoto mdogo hasafirishwi. Mzikeni huko huko." Simu ikakatwa. Wangila na mkewe hawakuwa na hata upana wa jembe katika nchi hii.

Bi Hindu aliposikia hakuuliza dini. Alisema, "Pale Kasangati kuna shamba la ndizi aliloniachia marehemu Bashir. Kuna kona chini ya mfenesi, jua la mchana halifiki. Mlazeni mtoto pale." Ndipo hapa tulipokaa.

Mwalimu alirudi barazani Jumatatu. Mama mmoja akamwambia, "Pole sana, Mama Khaemba." Kwa Wabukusu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mpaka siku ile ndivyo alivyoitwa. Akajibu, "Mimi ni Mama Naliaka. Khaemba ana mdomo, atajitambulisha mwenyewe." Watu walidhani ni uchungu, utapita. Haukupita. Aliyemwita jina lingine hakuitikiwa. Khaemba mwenyewe alizoea, na alipokuwa mkubwa akawa ndiye anayewasahihisha wageni. Na kila Jumapili baada ya kanisa, mvua inyeshe au barabara ya Gayaza iwe matope, mwalimu alipanda taksi Kalerwe na jembe lake kuja kupalilia. Majirani wa Kasangati wakamuuliza kwa nini anachoka, si angelipa mtu. Akawaambia, "Huyu bado anasubiri. Mtoto anayesubiri haachwi peke yake."

Mwaka 1997 Bi Hindu alizeeka, nyumba ikajaa, na mwalimu akahamia Kamwokya kufungua shule yake ya watoto wadogo. Uani palikuwa na milango miwili. Mmoja aliuziba kwa matofali siku ya kwanza, ili kila anayeingia na kutoka apite mbele ya macho yake. Watu wakaiita Shule ya Mlango Mmoja, jina la kwenye ubao wakalisahau. Jirani walikuwa vijana wa muziki na maspika makubwa kama kabati. Aliwaendea akawaambia, "Wanangu, saa saba watoto wanalala. Na muziki wenu ulale." Ukalala. Mmoja wao sasa ni maarufu, simtaji, lakini amekaa pale na miwani ya jua kama vile tutashindwa kumtambua.

Baadaye alikuja Esperance, kutoka Bukavu, na bahasha ya vyeti ambavyo hakuna ofisi iliyovitaka. Marehemu hakuvifungua. "Hata vyangu havikufaa," alimwambia. "Unaweza kukaa mlangoni bila kuogopa mtu?" Esperance alikaa mlangoni, na baadaye darasani, na yupo mpaka leo.

Petro Wangila alifariki tarehe 3 Machi 2001. Huyo alisafirishwa, akazikwa Kimilili kwa baba zake. Baada ya mazishi wazee walimkalisha mjane wakamwambia desturi ni atulie bomani arithiwe na mmoja wa ndugu. Aliwasikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na adabu. Kisha akasema, "Nashukuru, wazee wangu. Lakini Jumatatu kuna watoto watakaokuja mlangoni wanikose. Na kuna mmoja Kasangati hana mtu." Nyongesa akasimama. "Ukitoka kwenye lango hili, usirudi." Akamjibu, "Asante, shemeji. Salimia watoto." Akatoka. Hakurudi, na Nyongesa hakuja Kampala kwa miaka ishirini na minne. Haya hayasomwi kwa siri. Mzee Nyongesa amekaa mstari wa mbele, alisomewa jana karatasi yote, akasema, "Soma hivyo hivyo."

Presha ilimwanza mwalimu mwaka 2021. Mwaka jana moyo ulivimba, miguu ikajaa maji, akafundisha amekaa. Septemba mwaka huu alilazwa Mulago, akarudi, akalazwa tena. Hakulalamika, ila chai ya hospitali aliisema. Siku za mwisho alimwita Nelima na wifi yake Nakhisa, mdogo wake Nyongesa, anayeuza ndizi Kalerwe.

"Mnilaze Kasangati," alisema.

Nelima akalia. "Mama, na baba je? Na ukoo?"

"Baba yako ana baba yake, ana mama yake, ana ukoo mzima umemzunguka hapo Kimilili. Naliaka ana nani?"

Nakhisa akamwambia, "Wifi, Nyongesa atakuja. Unamjua. Atasema mke hazikwi mbali na boma la mume."

"Atakuja. Mpeni chai kwanza, sababu baadaye. Na msimdharau, ni mkubwa wenu."

Alifariki Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, alfajiri, Nelima amemshika mkono.

Alhamisi mwili ulifika shuleni, ukalazwa darasani. Saa nne gari likaja kutoka Kimilili, na Nyongesa, na wazee, na jeneza la mti mzuri wamebeba juu. Nakhisa alikuwa jikoni. Khaemba alikuwa ndani na mama yake. Mlangoni alikuwa Esperance, ambaye alikuwa hamjui Nyongesa hata kwa picha.

"Karibuni, wazee. Poleni na safari. Mmekuja kumchukua nani?"

"Mke wetu," akasema Nyongesa. "Fungua."

"Jina lake la nyumbani, mzee?"

"Wewe binti ni nani unaniuliza jina la mke wa ndugu yangu?"

"Mimi ni wa mlango, baba. Hapa kila anayekuja kuchukua anataja. Afande alitaja."

Mzee mmoja nyuma akakohoa kuficha kicheko. Nyongesa akavuta pumzi. "Haya. Mama Khaemba."

Esperance hakusogea. Alisema kwa upole, maana ndivyo alivyofundishwa, "Samahani, mzee wangu. Hapa hatuna mtu wa jina hilo."

Kwa watu wengine, pale pangekuwa na vita. Nakhisa alitoka jikoni mwiko bado mkononi, na watu wakaanza kusogea. Nyongesa alipomwona dada yake akapata nguvu. "Nakhisa! Mwambie huyu! Huyu mama anaitwa nani hapa?"

"Mama Naliaka."

"Naliaka ndiye nani?"

Hata yule muuza chapati wa nje aliacha kugeuza. Nakhisa alikuwa na maneno mengi ya miaka mingi, na waliopo wanajua kwamba huwa hayamezi. Lakini alikumbuka alichoambiwa. Akasema tu, "Ni yule uliyesema azikwe huko huko."

Nyongesa alitazama mlango, akatazama jeneza alilobeba kutoka mbali. Kisha akatafuta pa kukaa, na palikuwapo ngazi, ile ya watoto wanaosubiri. Akakaa. Esperance akamletea chai. Akainywa yote, taratibu, kofia gotini, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza akamuuliza Esperance, "Alikuwa na miaka mingapi, yule mtoto?"

"Minne, baba."

"Nipelekeni nikamwone."

Aliletwa hapa mchana ule ule. Alikuta kaburi dogo limepaliliwa, limezungushiwa mawe, na pembeni yake nafasi. Firdaus, binti wa Bi Hindu, alikuwepo. Mama yake alifariki mwaka 2009, na kabla ya kufa alimwambia mbele ya mashahidi kwamba kona hii ni ya Mama Naliaka. Firdaus alimwambia Nyongesa, "Mzee, karibu kwenu." Nyongesa alizunguka mfenesi, akasimama. Wazee waliokuja naye walianza kusema habari za desturi, kwamba mke analala ubavuni mwa mume, kwamba Wangila atauliza. Nyongesa akawanyamazisha kwa mkono.

"Wangila nitamwambia mimi," alisema. "Nitamwambia mkewe amemfuata mtoto wake. Mwenye kosa yupo." Halafu akamgeukia Khaemba. "Nipe jembe. Kaburi la mke wa ndugu yangu linaanzwa na mtu wa nyumbani."

Akachimba udongo wa kwanza mwenyewe, na umri wote ule, huku vijana wanamwomba awaachie. Jeneza la Kimilili ndilo hili mnaloliona.

Mwalimu Leonida Nasike Wangila ameacha mtoto wa kiume Khaemba na mkewe Adoch, binti Nelima na mumewe Oloya, wajukuu sita, na mmoja kati yao anaitwa Naliaka. Shemeji yake Mzee Nyongesa. Wifi yake Nakhisa. Dada yake Firdaus, dada wa hiari. Mwalimu Esperance, ambaye Jumatatu saa moja atakuwa mlangoni kama kawaida. Na watoto wa Shule ya Mlango Mmoja, wakubwa kwa wadogo, wenye majina ya nyumbani ambayo alikwenda nayo bila kumwambia mtu.

Mama Naliaka, umekaa na watoto wa watu mpaka wote wakafuatwa na wenyewe. Wako alisubiri miaka thelathini na miwili, naye leo amefuatwa. Kaa naye, mwalimu. Mpumzike wawili kwa amani.